Mizizi ya Jadavpur ni ya 1906

Makala niliyoisoma inasema Chuo Kikuu cha Jadavpur, kilichoko Kolkata, India, kilianza mwaka 1955, na kisheria ni kweli; lakini mizizi yake ni ya mwaka 1906, pale Wabengali waliochukizwa na hatua ya Lord Curzon, mtawala wa Uingereza nchini India, ya kuligawa jimbo lao la Bengal, pamoja na vitisho vya serikali dhidi ya wanafunzi walioipinga, walipounda Baraza la Taifa la Elimu ili vijana wao wasome nje ya mamlaka ya mkoloni. Mfadhili mzalendo Subodh Chandra Mullick alilichangia rupia 100,000, na mwanaharakati wa uhuru Aurobindo Ghosh akawa mkuu wa kwanza wa chuo cha Baraza hilo. Ninachokithamini zaidi ni taasisi ya ufundi iliyoanzishwa mwaka huohuo na wazalendo waliotofautiana na Baraza kuhusu mtaala, kwa kuwa ndiyo iliyodumu, ikahamia Jadavpur na kuzaa chuo kikuu hiki.