Wageni walijua PSA yangu kabla ya ndugu zangu

Nina miaka 19 ughaibuni, na mwaka huu ndio wa kwanza nimemwambia mwanamume mwenzangu, tena mtu nisiyelijua hata jina lake la pili, kwamba nimelowesha suruali. Aliniuliza, "Wiki ya ngapi tangu ukatwe?" Nikamwambia ya tano. Akasema yeye mkojo ulimvuja miezi saba ndipo ukakata. Hakucheka wala hakuangalia pembeni.

Hicho ni kikao cha wanaume wenye saratani ya tezi dume, na kila mmoja huanza kwa kutaja matibabu yake. Huyu amefanyiwa upasuaji, yule anapigwa mionzi, mwingine anachomwa sindano za kushusha homoni za kiume. Yupo mzee mmoja ambaye uvimbe wake ni wa daraja la chini, hajakatwa wala hajapewa dawa, anafuatiliwa kwa vipimo tu. Wakimaliza hapo wanataja PSA, ile protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu. Nilikuwa nimekabidhiwa rundo la karatasi na hospitali, lakini ni wazee hawa walionifanya nielewe kwamba tezi ikishaondolewa yote, PSA inatakiwa ishuke mpaka karibu isionekane, na ikifika 0.2 na kipimo cha pili kikathibitisha, daktari anaanza kutafuta chembe zilizobaki. Aliyepigwa mionzi hana hesabu hiyo. Tezi yake bado ipo, namba inashuka taratibu kwa miezi mingi, na wasiwasi unakuja ikipanda kwa 2 juu ya pale ilipowahi kushuka kabisa.

Yangu ilikuwa 9.4 kabla ya upasuaji. Wiki ya sita baada yake ikasoma chini ya 0.1, nikaitaja kikaoni, wale wazee wakanipigia makofi. Nikarudi kwenye nyumba ninayoishi peke yangu, nikakaa kitandani na simu mkononi, na hapakuwa na ndugu hata mmoja wa kumwambia, kwa sababu nyumbani nilikuwa nimewaambia ni "operesheni ndogo ya tumbo".

Nisieleweke kwamba huku kila kitu ni kizuri. Siku kumi nilizokaa na mpira wa mkojo zilikuwa ndefu kuliko miaka yote niliyokaa ugenini. Usiku mfuko unaning'inia pembeni ya kitanda, unaamka saa nane kuwasha taa uone kama bomba limejikunja, unalinyoosha, unalala, unaamka tena. Muuguzi nilipewa namba yake na kila nilipopiga alipokea, namshukuru sana. Lakini nilishuka ngazi peke yangu, mkono mmoja ukutani na mwingine umeshika mfuko. Nyumbani asingekosekana mtu wa kulala kwenye kiti karibu yangu, na wala nisingemwita, angekuja mwenyewe. Hilo huku sijaliona, na kikao kikishafungwa kila mtu anashika njia yake.

Ila mtu huyo wa nyumbani angelala pale bila kujua ananiuguza nini. Hapo ndipo ninapoumia. Baba yangu alianza kwa "kusumbuliwa na mkojo", kisha ikawa "mgongo", kisha tukamzika. Watu walijaa nyumbani tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na katika wote hao hakuna aliyewahi kuutaja ugonjwa kwa jina. Leo najua kwamba saratani ya tezi dume ikisambaa hupenda kwenda kwenye mifupa, uti wa mgongo ukiwemo. Sina cheti cha kuthibitisha kwamba ndiyo iliyomuua. Najua pia kwamba mwanamume ambaye baba au kaka yake aliupata ugonjwa huu yuko kwenye hatari takriban mara mbili ya wengine, na sisi wanawe tulinyimwa taarifa hiyo kwa jina la heshima. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema kila siku, lakini maradhi yakishuka chini ya kiuno methali tunaiweka pembeni.

Askofu Desmond Tutu aligunduliwa kuwa na saratani hii mwaka 1997, akalisema hadharani, akaishi mpaka Desemba 2021. Nelson Mandela alipigwa mionzi mwaka 2001 dunia nzima ikijua, akaishi miaka mingine 12. Heshima yao haikupungua hata chembe.

Basi nikampigia kaka yangu mkubwa. Nilimwambia yote kwa majina yake: saratani, tezi dume, pedi, na kwamba nguvu za kiume bado hazijarudi, huenda zikachukua mwaka mmoja au miwili. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Sasa unatumia pedi ngapi kwa siku?" Nikamwambia mbili. "Na mwanzo?" Sita. "Alhamdulillahi, mdogo wangu. Zinapungua."

Tangu siku ile kila Jumapili anapiga, na salamu yake ni "leo ngapi?" Mimi nami namweleza mazoezi niliyofundishwa: unabana kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, unahesabu mpaka kumi, unaachia, na unabana tena kabla ya kuinuka kwenye kiti au kukohoa. Nina kijitabu ninachoandika pedi za kila siku, namsomea. Wale wazee wa kikao wamenisaidia mno, lakini hakuna aliyelia nilipofika moja kwa siku. Kaka alilia.

Jumapili moja akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi naamka mara nne usiku." Nikamwambia asitishike, tezi dume hutanuka kwa umri bila kuwa saratani, na hiyo ndiyo mara nyingi inayomwamsha mtu. Lakini saratani yenyewe mwanzoni aghalabu haina dalili yoyote, na kwa damu tuliyonayo asingoje dalili. Aende kwa daktari, amwambie habari za baba na zangu, aulizie PSA.

Ijumaa iliyopita amenitumia picha ya karatasi ya maabara, imepigwa upande upande, kidole gumba chake kimeziba nusu ya jina. PSA 3.1. "Hii ni nzuri au mbaya?" Nikamjibu kwamba namba moja peke yake haitoshi kusema, arudi nayo kwa daktari, na anipigie akiwa mlangoni kwake nisikie pamoja naye. Kisha nikachukua kijitabu changu, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika jina la kaka, tarehe, na 3.1.