Wageni Hawajaharibu Gemu

Kila gemu la mtandaoni likifanywa la bure, au likiletwa kwenye simu, wachezaji wa zamani huanza kuomboleza. Desemba 2018 kampuni ya Valve walipoitoa bure Counter-Strike: Global Offensive, gemu lao la kupigana risasi kwenye kompyuta, walioinunua kwa hela zao walijaa Steam, duka la magemu la mtandaoni, kuandika maoni ya hasira. Maneno huwa yale yale: watoto wameingia, wezi wa mchezo, wanaotumia programu za kudanganyia, wameingia, jamii yetu imekwisha. Nayasikia hata hapa Mtwara, kutoka kwa vijana waliokulia kwenye mabanda ya pleisteshen, ambao sisi wa simu wanatutazama kama watu tuliodandia daladala iliyokwisha kujaa.

Nami ni mmoja wa hao waliodandia, na nina haki ya kusema. Bila Free Fire, gemu la simu la kupigana risasi mpaka abaki mtu mmoja au kikosi kimoja, nisingekuwa mchezaji wa chochote. Banda la gemu mtaani kwetu Chikongola lilikuwa la wavulana. Ukimwona msichana mlangoni, ujue katumwa kumwita kaka yake aje kula. Kompyuta ya kuchezea gemu sikuwahi kuiona nyumbani kwa mtu yeyote ninayemjua. Free Fire ilipotoka mwaka 2017, kampuni ya Garena waliitengeneza iweze kwenda hata kwenye simu za bei ya chini. Mechi ina watu 50 na inakwisha kwa kama dakika kumi, kwa hiyo bando dogo linatosha. Mwaka 2021 walipoleta Free Fire MAX, yenye picha kali kwa simu zenye nguvu, hawakuwatenga watu. Wa MAX na wa ile ya kawaida wanaingia mechi moja, hata kikosi kimoja. Uamuzi huo nauheshimu sana, maana wenye hela wangeweza kujengewa uwanja wao.

Na mlango ulipofunguka, waliokutana ni watu ambao kwa kawaida hawakutani. Kuna wakati kikosi chetu kilikuwa na mtu asiyefungua maiki kabisa. Anacheza kwa utulivu, anamwinua mwenzake aliyeanguka kabla hajaokota chochote. Siku alipofungua maiki, ikasikika sauti ya mama mtu mzima, na nyuma yake mtoto analia. Kimya kikapita. Kisha kijana wetu wa kidato cha tatu, ambaye muda mfupi kabla alikuwa anaporomosha matusi, akasema taratibu, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya nilinde, damu inaisha."

Matusi yalipungua kwenye kikosi kile, na hakuna aliyeweka sheria. Wamepita kwetu pia vijana wa ng'ambo ya Ruvuma, Kireno chao hatukielewi, lakini Kimakonde kikatupeleka hadi mwisho wa mechi. Hiyo ndiyo jamii inayosemwa imeharibika?

Tuje kwa walemavu, ambao mjadala huu huwasahau. Ninamfahamu kijana kiziwi anayecheza PUBG Mobile, gemu lingine la risasi la simu, vizuri kuliko wengi wetu. Ile ramani ndogo pembeni ya kioo huonyesha alama za nyayo na za risasi, zinatoka upande gani. Wengi wetu huwa hatuiangalii, tunategemea masikio. Yeye macho yake hayatoki pale. Ukikaa naye barazani jioni, bodaboda zinapiga kelele na jirani kafungulia redio, sisi wenye masikio hatusikii hatua ya mtu yeyote, yeye keshageuka na kupiga. Fortnite, gemu la aina hiyo hiyo, nayo ilianza kuonyesha sauti kwa alama kwenye simu, baadaye chaguo hilo likafika kwenye kompyuta na mashine nyingine, na watu wanaosikia vizuri kabisa wakaliwasha. Apex Legends, nayo ya risasi, ilipotoka Februari 2019 ikaja na kitufe cha kumwonyesha mwenzako adui alipo, silaha ilipo, uelekee wapi, bila kusema neno. Magemu mengine yakaiga haraka. Kitufe hicho kimemsaidia kiziwi, kimemsaidia asiyejua Kiingereza, na kimemsaidia binti ambaye hataki wanaume asiowajua wasikie sauti yake, kwa sababu anajua kitakachofuata. Hilo la mwisho nalijua vizuri.

Kwa hiyo mimi sikubali kwamba wingi wa watu ndio unaoua jamii ya gemu. Kinachoiua ni kingine, na kwa bahati mbaya nacho huletwa kwa jina hilo hilo la kurahisisha.

Angalieni World of Warcraft, gemu la kompyuta la dunia ya mashujaa na mazimwi, iliyotoka mwaka 2004. Zamani ukitaka kuingia pangoni kupigana na mazimwi, ilibidi utafute wenzako kwenye seva yako, yaani ile kompyuta ya kampuni mliyopangiwa kucheza pamoja. Unasimama mjini, unaandika kwamba mnahitaji mganga, mchezaji wa kuwaponya wenzake, unasubiri. Inachosha. Lakini katika kusubiri huko mlijuana. Mwizi wa mali za kikundi alijulikana seva nzima na hakuna aliyemchukua tena, na mganga mzuri alitafutwa kama fundi mzuri anavyotafutwa. Desemba 2009 Blizzard, kampuni yenye gemu hilo, wakaleta mfumo wa kukupangia kikundi wenyewe, hata na watu wa seva nyingine. Bonyeza, subiri, ingia, maliza, tawanyikeni. Watu wengi waliokuwa hawapati kikundi wakapata, na hilo ni jema, silipingi. Ila mtu akawa hana sababu ya kumkumbuka mwenzake. Agosti 2019 toleo la Classic, lililorudisha gemu lilivyokuwa zamani, lilipotoka bila mfumo ule, watu walijazana mpaka foleni za kuingia zikawa ndefu.

Tofauti ninayoiona mimi ni hiyo. Bei, simu, macho, masikio, lugha: vikwazo hivi vikiondolewa, mtu anaingia. Haja ya kusemezana ikiondolewa, aliyeingia anabaki peke yake katikati ya watu 49. Akaunti za bure nazo zinaongeza tatizo, kwa sababu aliyefungiwa kwa kudanganya mchezoni au kwa kumtukana mtu anafungua nyingine jioni hiyo hiyo, jina jipya, hana historia. Hapo wazee wa Counter-Strike nawaelewa. Lakini dawa yake ni kulifanya jina la mtu liwe na thamani, kumpa njia ya kubaki na kikosi alichokipenda na kuwasikiliza wanaoripoti. Kumpandishia bei kijana wa Newala hakumzuii mwizi wa mchezo mwenye hela.

Na mengi yako mikononi mwetu, hatuna haja ya kuwasubiri Garena. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna hoja sasa hivi. Wapo wanaotaka mtu asiingizwe mpaka awe amefika Diamond, moja ya ngazi za juu za Free Fire, wanasema wageni wanatuangusha. Nimewajibu wazi kwamba nakataa. Wengi wetu tuliingia hatujui hata kufungua parachuti, na kuna mtu alituvumilia. Nimependekeza kila mgeni akabidhiwe mwenyeji mmoja wa kucheza naye mechi za mwanzo, maiki iwe hiari kwa yeyote, anayebadilisha akaunti aseme, na anayemsumbua dada wa watu atolewe siku hiyo hiyo bila kujali ngazi yake. Hili la mwisho ndilo lililozua maneno zaidi, kwa kuwa mmoja wa wachezaji wetu wakali anajijua. Msimamizi amesema tutapiga kura minada ya korosho ikiisha, wale walioko mashambani wakisharudi hewani, na mimi nimeshaanza kuwafuata mmoja mmoja kuomba kura zao.