Fremu moja, mkataba kurasa tisa: tatizo siyo wakili peke yake

Ukitafuta fremu ya duka Ngamiani hapa Tanga siku hizi usishangae kupewa mkataba wa kurasa tisa, wakati zamani watu walikuwa wanaandikishana ukurasa mmoja mbele ya mjumbe na mashahidi, basi, biashara inaanza. Wengi wanasema mawakili wanarefusha ili walipwe zaidi. Mi naona hapo tunawaonea.

Mkataba hauandikwi upya jamani, unachukuliwa wa mteja aliyepita, yanabadilishwa majina na kodi, unaprintiwa. Mpangaji mmoja akibomoa ukuta bila ruhusa, wa baada yake anakuta kifungu cha ukuta. Ikaja korona 2020, kikaongezwa cha majanga. Kuongeza hakuna lawama, shughuli ni kufuta, maana ukifuta halafu jambo likatokea mteja anakuuliza wewe wakili, ila ukikiacha kikae hapo miaka na miaka bila kazi hakuna wa kukuuliza.

Na mawakili wana hoja nzito. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, imefuata ile ya India ya 1872, kwahiyo kuna maneno yameshabishaniwa sana mahakamani na wakili anajua yatasomwaje, ukija na yako mapya mnaanza kubishana upya. Hili nalikubali kabisa. Kifungu cha nani anatengeneza paa hata kiwe kirefu vipi kiacheni, ndo ugomvi wa kila masika.

Lakini vingine vinaumiza watu. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, ila template ya zamani bado inasema kodi "au thamani yake kwa dola". Halafu kifungu cha 4 notisi mwezi mmoja, cha 17 miezi mitatu, na mwenye fremu anadhani huo urefu unamlinda wakati utata kwenye mkataba mara nyingi unasomwa dhidi ya aliyeuandaa! Na vyote hivyo kwa Kiingereza, anasainishwa mama muuza vitenge, wakati tangu 2021 sheria imeshafanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Mi ningetaka kopi ya ofisini kwa wakili iandikwe pembeni ya kila kifungu kiliingia lini na kwa kisa gani, ili anayekuja baadae apate ujasiri wa kukata. Na wewe mpangaji, kabla hujatoa kodi ya miezi sita omba mkataba wa Kiswahili, na hicho cha dola kikatwe mbele yako.