Hema Lililotaka Sifa

Mimi ni mtu wa Langoni, Lamu, na riziki yangu ni kutembeza wageni. Mjerumani mmoja, siku ya kurudi kwao, aliniachia hema lake la watu watatu. "Litunze," akaniambia. Nikamwapia kuwa nitalitunza kama mboni ya jicho.

Na kweli nililitunza. Mvua ya mwaka ilitukuta Manda na wageni, tukakunja hema likiwa linachuruzika, nikalibana barabara kwa kamba, nikalisukuma chini ya samadari. Miezi minane sikuligusa. Hapo mimi najihesabu mtunzaji.

Desemba mama mmoja wa Nairobi akapiga simu: yeye, bintiye na mwanawe wa chuo wanataka kulala kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Nikapiga magoti, nikavuta. Harufu ikatoka kwanza, hema likafuata.

"Nani katapika humu?" mke wangu akauliza kutoka uani.

Hakuna aliyetapika. Ni hema lenyewe. Kwa ndani lilikuwa linanata kama halua iliyosahauliwa juani, na kila nikilikunjua linapukutisha vigamba vyeupe kama mba. Nikajisemea, uchafu huu dawa yake ni kufua. Maji moto, sabuni ya unga ngumi mbili, nikalikanyaga kwa miguu kama blanketi la hospitali. Kisha nikalianika darini, jua la saa saba, siku tatu mfululizo. Likakauka vizuri sana. Nikalimwagia birika moja la maji kulijaribu. Maji hayakusita hata kidogo, yalipita kama kwenye chujio la chai.

Nikaenda barazani kwa ami yangu. Ami ni fundi wa mashua, alijifunzia Matondoni, na hakuna tatizo la dunia hii asilolipima kwa mashua.

"Mwanangu," akasema, "mashua yangu ina miaka arobaini majini. Wayua ni kwa nini?"

"Sijui, ami."

"Sifa. Na hema lako lataka sifa tu, hamna zaidi."

Mke wangu ni mtu wa Mombasa, na kule kwao mjini sifa ni zile anazopewa bibi harusi. Akaweka sinia la kahawa chini. "Ami, nitalisifuje? Nimelilalia miezi minane, sijaona zuri lake."

Ami akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Sifa aliyoisema ni mafuta ya papa, yale wanayopaka mbao za chombo zisipasuke kwa jua wala kuliwa na maji. Ukipita mahali panapopakwa chombo utayajua kabla hujakiona. Akanipa kopo zima, bure. Bure hiyo ingenishtua, lakini nani hukataa cha ami?

Nikalipaka hema lote, nje na ndani, mishono na pembe, likang'aa kama changu aliyevuliwa sasa hivi. Nikamwaga maji: yakateleza! Nilitamani Mjerumani angekuwepo. Ile harufu ya matapishi nayo iliondoka kwa adabu, ikampisha mkubwa wake.

Kwenye boti ya kwenda Shela nahodha alinikalisha upande wa chini ya upepo, peke yangu na mzigo wangu, asiseme neno. Wageni walidhani ni heshima.

Kusimamisha hema ilikuwa vita vingine. Zile fito za alumini zilikuwa zimeshikana na chumvi kwenye viungio, nikazipiga kwa jiwe mpaka zikakubali. Upepo wa kaskazi ulipoanza kurusha mchanga, kila chembe iliyogusa mafuta ilibaki hapohapo. Kufika magharibi nilikuwa na msasa wenye mlango.

Wageni wakaingia, mimi nikatandika mkeka nje. Saa tano usiku nikasikia kitu kama mtu anayelamba bakuli. Nikafumbua macho. Paka.

Paka wa Lamu unawajua: miguu mirefu, masikio makubwa, wale wanaoambiwa wamefanana na waliochorwa Misri ya kale. Nilihesabu kumi na mmoja, nikaacha. Walikuwa wanalilamba hema kwa mpango, kila mmoja na upande wake, kama warithi.

"Kaka," mama akaita kutoka ndani, "huko nje kuna nini?"

"Upepo, mama."

Kimya kidogo. "Upepo unalia nyau?"

Bintiye akataka kutoka. Zipu ikagoma, kwa sababu chumvi ya misimu mitatu ilikuwa imeila. Mimi navuta nje, yeye anavuta ndani, kishikio kikabaki mkononi mwangu. Wakati huohuo dume moja la rangi ya majivu lilipanda kileleni, likatafuta pa kushika, kucha zikazama, kitambaa kikachanika kutoka juu mpaka chini. Likamwangukia mama kifuani.

Sitaeleza kelele. Wote wanne walitoka kwa mpasuko uleule, paka akiwa wa kwanza.

Tukakaa juu ya kilima, shuka mabegani, tukiwatazama wenyewe wakimalizia karamu yao. Yule kijana wa chuo, ambaye kumbe hupanda Mlima Kenya kila likizo, akawa ananihoji kama daktari.

"Ulilihifadhi likiwa kavu?"

"Lilikuwa limebanwa vizuri."

Akafumba macho. Akanieleza kuwa kwa ndani kitambaa kina utando mwembamba wa poliurethani, na ndio unaozuia maji. Unyevu ukikaa nao muda mrefu huuvunja, ukaanza kunata na kunuka vile hasa nilivyosikia mimi. Hakuna kuurudisha. Hema hukaushwa kabisa kivulini, maana jua hudhoofisha nailoni, halafu huwekwa limelegea kwenye mfuko wa pamba, si kubanwa kama sambusa. Mfuko wa kulalia ndani vilevile, ukiubana miezi unakufa, hauvimbi tena wala hautunzi joto.

"Na kuosha?"

"Maji baridi, sponji, sabuni laini kidogo. Fito na zipu unazisuuza kwa maji matamu kila ukitoka baharini, zipu unaipitishia mswaki wa zamani."

"Sikutumia maji baridi," nikasema.

"Na mafuta ya samaki?" akauliza polepole.

Nikamwambia ni ushauri wa ukoo.

Mama hakudai pesa zake. Alisema tangu amezaliwa hajacheka vile, ingawa alisema akiwa ameketi mbali nami.

Hema lile ami alilichukua akafunikia mashua yake, na mpaka leo paka wa ufukweni hawaiachi. Mimi nimenunua jingine, limening'inia chumbani kwenye mfuko wa pamba, kavu kama biskuti. Juzi jioni hodi ikabishwa. Alikuwa ami, na kopo mkononi.

"Nasikia una jipya. Nimekuletea sifa mapema, kabla halijaharibika."

Mke wangu alishafika mlangoni kabla yangu. Alimkaribisha ami kahawa, barazani, na kopo akaliacha nje.