Team Fortress 2: kofia zimezidi vichwa

Nimeipakua tena. Bando la usiku, laptopu isiyo na kadi ya picha ya maana, feni ikilia kama mashine ya kusaga, na kufika alfajiri Team Fortress 2 ilikuwa tayari. Gemu hii ya kufyatuliana risasi ilitoka tarehe 10 Oktoba 2007, kifurushi kimoja na gemu za Portal na Half-Life 2: Episode Two, na kwa umri wa gemu za mtandaoni huyo ni babu kabisa. Vijana waliokulia kwenye gemu za baadaye kama Overwatch na Valorant huniuliza kuna nini humo ambacho hakijapitwa na wakati. Ni swali la haki. Ila lina pacha wake ambaye sisi mashabiki wa zamani hatupendi kumtazama usoni: kama ni nzuri kiasi hicho, mbona Valve, kampuni yenye mali hii, wameiacha kama shamba la urithi ambalo kila ndugu anasubiri mwenzake akalime?

Kwa asiyeijua: timu mbili, nyekundu na buluu, kwa kawaida watu 12 kila upande, na wahusika tisa wa kuchagua. Scout ana mbio, lakini uhai wake ni 125 tu. Heavy ana 300 na bunduki ya mitutu inayozunguka, ila anatembea kama amebeba friji. Engineer anajenga mzinga unaojilenga wenyewe. Spy anavaa sura ya adui na kuchoma kisu mgongoni. Kisu kimoja, kifo. Medic anatibu. Wazo lenyewe halikuzaliwa Valve. Lilitoka Australia mwaka 1996, pale Robin Walker, John Cook na Ian Caughley walipoichokonoa Quake, gemu nyingine ya risasi, na kuigeuza gemu ya timu yenye mgawanyo wa kazi. Valve wakawachukua, Team Fortress Classic ikatoka 1999, na mwaka huohuo wakaonyesha mwendelezo wake: magwanda, nyuso kavu, vita vya kweli. Halafu kimya. Ulipotoka hatimaye, miaka minane baadaye, ukawa kibonzo.

Wengi walicheka wakati ule. Leo hicho kibonzo ndicho kinachoibeba gemu. Wachoraji wake walikwenda kujifunza kwa wachoraji wa matangazo wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, hasa J. C. Leyendecker, wakajiwekea sharti kwamba kila mhusika ajulikane kwa umbo lake tu. Futa rangi, futa sura, bakisha kivuli cheusi ukutani, na bado utasema yule ni Heavy, huyu ni Sniper, mdunguaji. Tena miili ikapakwa giza miguuni na mwanga kuanzia kifuani, ili jicho la adui liende moja kwa moja pale silaha iliposhikwa. Mtu anayekatiza kona unamwona kwa nusu sekunde, na katika nusu sekunde hiyo unajua ana kasi gani, ana uhai kiasi gani na amebeba nini. Kuna gemu za juzi zenye picha kali mara kumi, na kila nikifa humo nabaki kujiuliza nimeuawa na kitu gani. Huku nikifa, najua. Najua hata kosa lilikuwa langu.

Tuchukue dakika moja ya ramani ya Dustbowl. Wekundu wanalinda kituo cha mwisho. Engineer wao amejichimbia konani na mzinga wa daraja la tatu, risasi na maroketi, na kila buluu anayechungulia anarudi alikotoka akiwa maiti. Watu kumi wanakwenda mmojammoja, wanakufa mmojammoja. Nyuma ya ukuta kuna Medic. Amemshikilia Demoman, mtu wa mabomu, kwa mwali wa bunduki yake ya tiba, anahama kwa majeruhi huyu, anarudi kwa yule, na akiwa na majeruhi wa kutibu muda wote atahitaji sekunde 40 kuujaza mtambo wake. Haui mtu. Kila mara anageuka kutazama mgongoni asije akawepo Spy. Mtambo ukijaa anabonyeza, na yeye na mgonjwa wake hawaguswi na kitu kwa sekunde 8. Demoman anatoka anameremeta, risasi zinamdunda, anamwaga mabomu ya kunata chini ya mzinga, mlipuko, na wale kumi waliokuwa wakifa ovyo ghafla wanakuwa jeshi. Subira ya mtu mmoja imewapa kazi watu kumi na wawili. Sijaona kwingine ambako jambo hili linaonekana wazi namna hii.

Sasa geuza shilingi. Nani anataka kuwa huyo Medic? Ingia seva yoyote usiku uhesabu: Sniper wanne, Spy watatu, Medic hakuna. Pasipo Medic kile kituo hakianguki, mtajigonga ukutani mpaka saa iishe. Gemu imemtwisha mtu mmoja mzigo mzito kuliko wote na haikufikiria namna ya kumfurahisha. Na kwenye mashindano ya sita kwa sita, ambako watu wanacheza kushinda, kikosi ni kilekile miaka nenda rudi: Scout wawili, Soldier wawili (wale wa maroketi), Demoman, Medic. Watano waliobaki huletwa kwa dharura, kama kipa wa akiba anayeingizwa kwa ajili ya penalti. Yaani gemu inayosifiwa kwa wahusika tisa, ikifika kwa mafundi inakuwa ya wahusika wanne. Ndiyo maana mashabiki walibuni mtindo wa tisa kwa tisa, Highlander, ambapo kila mhusika lazima awemo. Kwa sheria, si kwa hiari.

Overwatch ilipokuja Mei 2016 ilikuwa imeyasoma haya yote. Ilichukua mengi kutoka kwa mzee: mtabibu, fundi wa mizinga, hata lile gari la kusindikiza, ambalo Team Fortress 2 ililileta mwaka 2008 na ramani ya Gold Rush. Kisha ikarekebisha. Watu sita kila timu, baadaye watano. Watabibu wengi wa kuchagua, wenye meno. Mwaka 2019 watengenezaji wake wakaweka foleni kwa kazi, kwamba unaingia ukiwa umeshasema utatibu au utapiga, na tatizo la Medic likafungwa. Kwa karatasi, ni kazi bora. Lakini timu ikiwa ya watu sita, mtu mmoja dhaifu ni sehemu ya sita ya timu, na wenzake watahakikisha analijua hilo. Ukikosea mara mbili unatukanwa kwa lugha nne. Kwenye timu ya 12 mtu anaweza kuwa mzigo na mambo yakaenda. Anaweza kukaa robo saa nzima akijifunza kujirusha kwa roketi lake mwenyewe hadi juu ya paa. Mimi nilijifunza Spy kwa kuuawa wiki tatu mfululizo na hakuna aliyenisema, kwa kuwa hakuna aliyeniona. Kwa hiyo wanaodai gemu imezeeka kwa sababu imelegea, nawaelewa, ila ulegevu huo ndio uliofanya nibaki.

Siwezi kuutetea ulegevu wote. Kuna mapigo ya bahati: silaha nyingi zina nafasi ya asilimia 2 hivi ya kutoa pigo mara tatu ya kawaida, na nafasi hiyo hupanda hadi 12 kadiri unavyokuwa umeumiza watu muda mfupi uliopita. Watetezi wanasema humpa mgeni kicheko chake cha siku. Ni kweli, mara mojamoja. Mara nyingi humwongezea bahati yule ambaye tayari anawachakaza wengine. Hapo hakuna shilingi ya kugeuza, ni upuuzi tu.

Tuje kwenye kofia. Zilianza 2009 kama pambo la bure, zikidondoka kwa bahati. Septemba 2010 likafunguliwa duka, na pamoja nalo masanduku usiyojua yana nini ndani, yanayofunguliwa kwa ufunguo wa dola 2.49. Juni 2011 gemu yenyewe ikawa bure. Watu wakaanza kubadilishana kofia kwa kofia, kofia kwa funguo, funguo zikawa kama fedha, soko likakua hadi mwaka 2012 Valve wakamleta mchumi wa kulichunguza, Yanis Varoufakis. Huyo ndiye aliyekuwa waziri wa fedha wa Ugiriki mwaka 2015. Kutoka soko la kofia hadi deni la taifa. Natamani kumuuliza wapi alikosa usingizi zaidi.

Anayelaani kofia akumbuke kwamba bila hizo pengine leo hakuna seva ya kuingia. Zililipa gharama, na mashabiki waliozibuni walipata mgao wao. Mtu asiye na senti anacheza gemu ileile anayocheza tajiri, na silaha karibu zote atazipata kwa kudondokewa, kubadilishana au kuunda. Hilo si dogo. Lakini sanduku lililofungwa ni bahati nasibu hata ukilipaka rangi za katuni, na mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka wazi kwamba masanduku ya aina hiyo kwenye gemu kadhaa ni kamari. Team Fortress 2 haikuwa peke yake, ila ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia, na wengi walioiga gemu hii waliiga masanduku kabla ya kuiga vivuli. Overwatch yenyewe ilikuja nayo.

Na vivuli vyenyewe je? Lile sharti la kumjua mtu kwa umbo lake limekufa taratibu kwa mikono ya waliolitunga. Leo unakutana na kiumbe mwenye pembe, mabawa, moshi wa zambarau kichwani na koti la msimu wa baridi, na unapoteza ile nusu sekunde ukijiuliza huyu ni Pyro, mchoma moto, au ni mti wa Krismasi. Kilichoiweka gemu hai ndicho kilichofuta kitu kizuri kuliko vyote ilivyokuwa navyo. Sioni namna ya kulikwepa hili, na sioni pia kama ningelikuwa Valve ningefanya tofauti.

Kuhusu utelekezwaji, rekodi iko wazi. Sasisho kubwa la mwisho lilikuwa Jungle Inferno, Oktoba 2017. Baadaye boti, yaani programu zinazocheza zenyewe bila mtu, zikajaa kwenye seva za Valve, zikicheza Sniper na kulenga vichwa bila kukosa, zikitukana, hata zikijitwalia majina ya watu. Julai 2023 Steam, duka la gemu la Valve, ilihesabu zaidi ya wachezaji 250,000 kwa wakati mmoja, na shangwe yetu ilikuwa nusu, maana hakuna aliyejua ni wangapi wenye damu. Mei 2022 mashabiki walipiga kelele kwa pamoja mtandaoni. Juni 2024 wakarudi na waraka wenye saini zaidi ya 300,000. Ndipo boti zikafagiliwa kwa mawimbi, na ukiingia leo unakuta watu.

Lakini tumtendee haki na mwenye shamba. Overwatch ya kwanza, ile iliyoshinda tuzo, ilizimwa Oktoba 2022 kupisha ya pili, ukiitaka huipati. Team Fortress 2 bado inawaka. Aprili 2024 iliongezewa uwezo wa kuendeshwa kwa mfumo wa biti 64, ule wa kompyuta za kisasa, na Februari 2025 Valve wakaachia msimbo, maandishi ya programu, wa gemu yote ili mashabiki watengeneze zao, mradi wasiuze. Kuachwa peke yako na kuachiwa huru vinafanana sana ukiwa mbali.

Kilichozeeka hasa, kwa maoni yangu, ni mlango. Zamani uliingia kupitia orodha ya seva, nyingi zikiendeshwa na wachezaji wenyewe, na kila moja ilikuwa kijiwe: watu walewale, utani uleule, msimamizi anayefukuza wakorofi. Julai 2016, wakikabiliana na Overwatch, Valve waliweka foleni ya kuwapanga watu kama gemu nyingine zote, na vijiwe vingi vikakosa wageni, kisha vikafungwa. Orodha bado ipo, imefichwa kidogo kwenye menyu. Mgeni akinisikiliza apite huko. Kwa sisi tunaocheza kutoka pwani hii, pingi, yaani ucheleweshaji wa mtandao, ya milisekunde 150 au zaidi kwenye seva za Ulaya ni maisha ya kila siku: Spy anakuchoma mgongoni ilhali kwenye skrini yako yuko mbele ya uso wako. Dawa niliyoipata ni Engineer. Mzinga wake unalenga ukiwa kwenye seva, haujui bando langu linasemaje.

Jana nilikuwa 2Fort, ramani ya madaraja mawili... hapana, daraja ni moja, ni miaka tu imenipita. Kazi pale ni kuiba mkoba wa siri wa adui. Kwa dakika kumi hakuna aliyeugusa. Darajani Heavy wawili, mwekundu na wa buluu, walikuwa wamechuchumaa wakitupiana mikate, ile sandwichi ambayo ukiidondosha mtu mwingine anaiokota na kupona. Scout wa kwetu akaja, akala mmoja, akasimama nao kidogo. Kisha akaruka dirishani na kutokomea kuelekea chini kwenye mkoba, na wale Heavy wote wawili wakabaki wameganda, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze kupiga risasi.