Shimo lililochorewa duara

Alhamisi iliyopita nilitoka kazini saa moja asubuhi, macho yamejaa usingizi, nikakuta shimo lililo mbele ya nyumba ninayopanga hapa Uingereza limechorewa duara la rangi nyeupe. Shimo lenyewe ni dogo. Nilichuchumaa nikatia kidole, maji yakaishia kiungo cha pili. Jirani yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai, anatikisa kichwa: siku tisa tangu aripoti, na leo ndiyo wamekuja kupaka rangi tu! Nchi hii imekwisha, akaniambia. Nikacheka mpaka akaniuliza kama niko salama.

Ningemweleza nini? Kwamba mimi ni mtoto wa Oli, Arua, kule Uganda, na kwetu kitu kama kile hakiitwi shimo? Kwetu shimo ni lile ambalo kila mtu wa bodaboda analijua kama anavyomjua shemeji yake. Watoto wanalijaza udongo asubuhi na kukunyoshea mkono uwape mia mbili, mvua ya jioni inaubeba udongo wote, kesho kazi ipo. Likizidi, mwenye duka anachomeka tawi la mwembe katikati ili magari ya usiku yasitumbukie. Hilo tawi ndilo alama yetu ya barabarani.

Najua tayari kuna mtu anaandika, "Haya, huyu wa kyeyo, wa vibarua vya ughaibuni, ameanza." Ngoja kwanza. Sijaja kusifu lami ya Wazungu. Lami ya kujivunia ninayo. Mradi wa USMID, ule wa fedha za Benki ya Dunia ulioanza 2013 katika manispaa 14, ulipotufikia na barabara za katikati ya mji zikapata lami, mitaro na taa za sola, picha niliwaonyesha wenzangu kazini, waliotaka na wasiotaka. Julai 2020 Arua ilipopandishwa kuwa jiji nilipika pilau nikala peke yangu, korona imetufungia ndani. Kwa hiyo neno "dharau" liwekeni pembeni.

Ninachokionea wivu ni ile rangi.

Rangi ile maana yake kuna mtu alitoka ofisini, akaja na kipimo, akaliona shimo, akaliandika. Wala hafanyi hivyo kwa sababu ana roho nzuri. Sheria yao ya barabara ya 1980 inailazimisha mamlaka husika kuzitunza, na gurudumu lako likipasuka kwenye shimo ambalo waliarifiwa wakalala, unaweza kuwadai fidia. Ndiyo maana wanakagua na kuweka kumbukumbu. Wakifikishwa mahakamani, kinga yao ni kuonyesha kwamba walikuwa na utaratibu na waliufuata. Halmashauri nyingi zimejiwekea hadi kipimo: milimita 40 kwenda chini, hapo ndipo shimo linahesabika kuwa shimo. Ni woga tu, basi. Na mimi nautaka woga huo uje kwetu, hata kwa viza ya wiki mbili.

Kwetu nani anaogopa? Nilipokuja likizo Desemba 2023, kifuniko cha mtaro karibu na kwa mama kilikuwa kimeondoka. Dada yangu akatumbukiza mguu usiku, akashonwa nyuzi sita. Nilikwenda ofisi moja, wakasema barabara hiyo si yao. Nikaenda nyingine, nao si yao, nijaribu ya tatu. Jamani, hata huku ninakoishi barabara ni za kaunti na takataka ni za mji, wamegawana vilevile. Lakini nilipokosea mlango, yule niliyemkosea ndiye aliyeipeleka karatasi kwa mwenzake. Kule nilizunguka na mtaro kwapani kama mtu anayemtafutia mtoto baba. Serikali ilipoivunja UNRA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, mwisho wa 2024 na kazi zake zikarudi wizarani, kaka yangu aliniandikia: "Furahi, umepunguziwa mlango mmoja."

"Wewe unalipa kodi huko, ndiyo maana." Nalipa, na inauma. Kodi ya halmashauri inatoka kila mwezi kabla sijanunua hata mkate. Kwetu kodi ya kichwa ilifutwa 2005 tukashangilia, na nyumba unayoishi mwenyewe haitozwi kodi ya majengo. Hapo mmenikamata kidogo. Lakini mama anauza angara, wale samaki wakavu, sokoni miaka yote hii, na risiti za ushuru wa meza yake zimejaa kopo zima la Blue Band. Nimezihesabu mpaka nikachoka. Yeye halipi?

"Na Birmingham je?" Nimeiona, msihangaike kunitumia video. Wazoa taka waligoma 2025, tani kama 17,000 zikarundikana mitaani na panya wakanenepa. Hapa kwangu ukitupa kopo lenye mabaki ya maharage kwenye pipa lisilo lake, wanalipita pipa lote na kulibandika karatasi nyekundu, wiki mbili nyingine unalala na uvundo wako. Sikusema niko peponi.

Basi Ijumaa, bado nina ile rangi kichwani, nikamtumia mpwa wangu pesa kidogo anunue chokaa. Nikamwambia: lile shimo la mbele ya kwa bibi yako, lipime kwa rula ya shule, lizungushie duara, halafu nipigie picha. Akapima, rula ya sentimita 30 ikazama yote. Akachora duara zuri kabisa, bodaboda wakasimama kumuuliza anatoka ofisi gani. Haikupita saa moja akafika mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa, yule tuliyemchagua 2018 kwa kupanga mstari nyuma yake, ambaye mama anaapa hajakanyaga mtaa ule tangu msiba wa jirani.

"Nani amekuruhusu kuandika barabara?"

"Mjomba."

"Mjomba yuko wapi?"

"Uingereza."

Mzee akaliangalia duara, akaliangalia shimo, akamwambia mtoto: "Mwambie mjomba chokaa tumeiona. Sasa alete lami."