Mkwaju uliozibwa Lincoln: kosa la kijana au la benchi?

Ijumaa ya tarehe 26 Novemba 2021, katika uwanja wa Memorial mjini Lincoln, mchezo wa futiboli ya Kimarekani kati ya vyuo vikuu vya Nebraska na Iowa uliingia robo ya nne Nebraska ikiongoza 21 kwa 9. Nebraska ilikuwa na ushindi mara 3 tu msimu mzima, na wenyeji walikuwa wameanza kuamini kwamba angalau watafunga mwaka kwa kumpiga jirani. Ndipo timu yao ikasimama kupiga panti, yaani mkwaju wa kuupeleka mpira mbali na kumwachia mpinzani. Henry Marchese wa Iowa akapenya katikati ya walinzi na kuuziba mpira ulipokuwa unatoka mguuni. Kyler Fisher akauokota, akakimbia yadi 14, tachidauni: mpira kuingizwa eneo la mwisho, pointi 6, kisha mkwaju wa pointi ya ziada. Ikawa 21 kwa 16. Baada ya hapo Iowa ikapata pointi 2 kwa kumbana kwotabeki wa Nebraska, kiongozi wa mashambulizi, ndani ya eneo lake mwenyewe, ikaongeza mkwaju wa kupita kati ya milingoti, pointi 3, ikamalizia kwa tachidauni nyingine. Mchezo ukaisha 28 kwa 21.

Swali lililobaki ni lile linalobaki kila panti inapozibwa: tumlaumu nani? Kijana aliyeacha mwanya, au kocha aliyempanga pale? Nina msimamo wangu, lakini upande wa pili una hoja nzito na nitazipa haki yake.

Kwanza niweke wazi jambo lenyewe, maana wengi wetu tumelelewa na soka. Katika futiboli ya Kimarekani timu hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Majaribio 3 yakishindikana, mara nyingi la nne hutumika kuupiga mpira mbali, ili mpinzani aanze safari yake kutoka huko nyuma. Mkwaju huo ndio panti. Mrushaji huinama na kuutupa mpira nyuma kati ya miguu yake, ukamfikie mpigaji aliyesimama yadi 14 au 15 kutoka hapo. Tangu mpira unapotoka mkononi mwa mrushaji hadi unapoguswa na mguu, makocha wanataka isizidi sekunde 2 na nukta chache. Mpigaji akichelewa kwa muda wa kupepesa macho, au akiongeza hatua moja, au mlinzi mmoja akigeukia mtu asiye wake, mpira unazibwa.

Wanaouziba nao wanacheza na moto. Hawamlengi mpigaji. Wanalenga nafasi iliyo mbele ya mguu wake, pale mpira unapopita. Wakimgonga mpigaji bila kuugusa mpira, adhabu yake inaweza kuwa yadi 15 na majaribio mapya, yaani wamemrudishia mpinzani mpira aliokuwa tayari ameshauachia. Kwa hiyo kocha anayeagiza watu 8 au 9 waende kuziba naye anaweka rehani kitu.

Vyuo vina sheria yao ambayo ligi ya kulipwa haina, na kwangu hapa ndipo penye mzizi wa makosa mengi. Kwenye NFL, wachezaji wawili tu wa pembeni kabisa ndio wanaoruhusiwa kukimbilia mbele kabla mpira haujapigwa. Vyuoni, wote wanaruhusiwa kuondoka pale pale mpira unaporushwa nyuma. Makocha wa vyuo wameitumia ruhusa hiyo kubuni mpangilio wa ngao: mstari wa mbele husimama kwa nafasi pana na kukimbia mapema kumfuata mdaka mpira wa upande wa pili, huku wanaume watatu wazito wakisimama nyuma yao kama ukuta mbele ya mpigaji. Faida yake ni kwamba mdaka mpira akiinua macho anakuta wageni wameshafika. Hasara ni kwamba mstari wa mbele unamgusa mshambuliaji kidogo tu na kumpita, kisha usalama wote unabaki mikononi mwa watu watatu. Mmoja wao akivutwa upande usio wake, njia ya kumfikia mpigaji iko wazi.

Maana yake panti inayozibwa huwa ni gharama ya uamuzi uliofanyika mezani miezi mingi kabla. Kocha amechagua kukimbilia mbele kuliko kulinda nyuma, na mara nyingi chaguo hilo linamlipa. Siku lisipomlipa, kamera inamwonyesha kijana wa miaka 19.

Sasa nisikilize upande unaowatetea makocha. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinaruhusu saa 20 tu kwa wiki za shughuli za michezo wakati wa msimu, na ndani yake mna mazoezi ya uwanjani, vikao vya kutazama video na vyuma. Mikwaju ni sehemu ndogo ya mchezo, wakati ushambuliaji na ulinzi vina mbinu mpya kila wiki. Kocha akiiba dakika 15 za kwotabeki akazipeleka kwenye panti, zikapita wiki 10 bila tukio lolote, atasemaje siku timu yake inaposhindwa kusogea hata yadi moja?

Halafu kuna suala la nani anacheza huko. Kikosi cha mikwaju hujazwa na vijana wa mwaka wa kwanza, wa akiba, na wale wasio na ufadhili wa masomo. Kuwatumia nyota ni kuwaweka kwenye migongano ya kasi kubwa kwa ajili ya mchezo ambao si kazi yao kuu. Frank Beamer wa Virginia Tech, aliyeifundisha timu hiyo kuanzia 1987 hadi 2015, aliukataa woga huo. Alikisimamia kikosi cha mikwaju yeye mwenyewe na kuwaingiza wachezaji wake wa kwanza, na kuziba mikwaju kukawa ndiyo sifa ya timu ile nchi nzima. Lakini si kila kocha mkuu ana moyo au ratiba ya kufanya hivyo, na siwezi kusema kila asiyefanya hivyo ni mzembe.

Hoja ya tatu ni bahati. Panti moja iliyozibwa haithibitishi kitu. Hata Paul “Bear” Bryant, mmoja wa makocha wakubwa kabisa katika historia ya mchezo huu, yalimkuta. Tarehe 2 Desemba 1972, huko Birmingham, timu yake ya Alabama ilikuwa haijapoteza mchezo na ilikuwa inaongoza Auburn 16 kwa 0 katika robo ya nne. Auburn wakapata pointi 3. Kisha Bill Newton akaziba panti ya Greg Gantt, David Langner akaudaka mpira na kukimbia hadi ndani. Dakika chache baadaye Newton akaziba nyingine, Langner yule yule akaudaka, akaingia tena. Auburn 17, Alabama 16. Na wengi hulisahau hili: Alabama ilibaki na 16 badala ya 17 kwa sababu mkwaju wao wa pointi ya ziada nao ulizibwa, mapema, wakati hakuna aliyedhani pointi hiyo moja ingekuja kuulizwa.

Mchezo huo hutajwa na wanaotetea hoja ya bahati. Mimi naona unawajibu. Panti ya kwanza naikubali iitwe ajali. Ya pili ilizibwa na mtu yule yule, katika robo ile ile. Kati ya hizo mbili benchi lilikuwa na nafasi ya kumwekea Newton mtu wa ziada, au kumwambia Gantt aharakishe na akubali mpira mfupi. Kosa la kwanza ni la mchezaji. La pili tayari lina mwenyewe mwingine.

Kwa kipimo hicho hicho niirudie Nebraska ya 2021, kwa sababu ile panti ya Novemba ilikuwa tukio la mwisho katika mlolongo mrefu. Mchezo wa kwanza wa msimu, dhidi ya Illinois, mdaka mpira wa Nebraska aliidaka panti karibu kabisa na mstari wake, akaingia nao ndani na kuutupa, na Illinois wakapewa pointi 2. Siku hiyo hiyo mikwaju 2 ya pointi ya ziada ilikosa. Wakafungwa 30 kwa 22. Septemba, dhidi ya Oklahoma, mkwaju wa pointi ya ziada ulizibwa na mpira ukakimbizwa uwanja mzima, pointi 2 kwa Oklahoma. Wakafungwa 23 kwa 16. Wiki iliyofuata, kwa Michigan State, walikuwa wanaongoza 20 kwa 13 zikiwa zimebaki kama dakika 4. Panti ilipangwa kwenda kulia, ikaenda kushoto. Kikosi kizima kilikimbia upande mmoja na mpira ukaangukia upande mwingine, mikononi mwa Jayden Reed, aliyekimbia yadi 62 bila kuguswa. Wakafungwa 23 kwa 20 katika muda wa nyongeza.

Msimu ulikwisha kwa ushindi 3 na vipigo 9, na katika vipigo vyote 9 hakuna hata kimoja kilichozidi tofauti ya pointi 9. Jumla ya pointi walizofunga ilizidi walizofungwa. Timu ya namna hiyo haikuwa mbovu. Ilikuwa inavuja mahali pamoja. Mwaka huo kocha mkuu Scott Frost hakuwa na msaidizi ambaye kazi yake pekee ni kikosi cha mikwaju. Jukumu hilo lilikuwa kwa Mike Dawson, ambaye pia alikuwa anawafundisha walinzi wa pembeni. Mdharau mwiba mguu huota tende, na Nebraska walitembea na mwiba huo kuanzia Agosti hadi Novemba.

Wanaofuata Arsenal watalielewa hili haraka. Mwaka huo huo wa 2021 klabu ile ilimchukua Nicolas Jover awe kocha wa mipira iliyokufa pekee, na leo kona ya Arsenal ni hatari kwa timu yoyote. Kona haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba alipatikana mtu anayeamka asubuhi akiiwaza hiyo tu.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema dawa ni kuacha kupiga panti. Mwanauchumi David Romer wa Berkeley aliandika mwaka 2006, kwa kutumia takwimu za NFL, kwamba timu huachia mpira mara nyingi kuliko inavyofaa. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Lakini Kevin Kelley, aliyejulikana kwa kutopiga panti katika shule ya sekondari ya Pulaski Academy huko Arkansas na kutwaa mataji ya jimbo, alipoupeleka mtindo huo Presbyterian College mwaka 2021 alishinda michezo 2 na kupoteza 9, akaondoka. Panti itaendelea kupigwa, kwa hiyo lazima mtu aifundishe.

Kinachoniuma zaidi ni namna hesabu inavyoishia kwa mpigaji. Tarehe 17 Oktoba 2015, Michigan ilikuwa inaongoza Michigan State 23 kwa 21, zimebaki sekunde 10, jaribio la nne. Mpigaji Blake O'Neill, kijana kutoka Australia, siku hiyo hiyo alikuwa amepiga panti ya yadi 80. Mpira ukarushwa kwake chini, ukamponyoka, na Jalen Watts-Jackson wa Michigan State akaingia nao muda ukiisha, 27 kwa 23. Watts-Jackson mwenyewe alivunjika nyonga katika kuanguka huko. O'Neill alitumiwa vitisho mtandaoni, vya kutisha kiasi kwamba mkurugenzi wa michezo wa chuo, Jim Hackett, alilazimika kuandika barua ya wazi kuwaomba watu waache.

Kweli, mpira ulimponyoka O'Neill. Angeweza kuulalia badala ya kujaribu kuupiga, na hilo ni kosa lake. Lakini Michigan State hawakuacha mtu hata mmoja nyuma wa kudaka mpira. Wote walikuja kuziba. Michigan waliwaacha wakimbiaji wawili huko pembeni, wakisubiri kumkaba mdaka mpira ambaye hayupo. Watu wawili zaidi wangeweza kusimama mbele ya kijana yule. Uamuzi huo haukuwa wa O'Neill, na hakuna aliyemtumia kocha vitisho, wala sitaki atumiwe. Nataka tu lawama igawanywe kama mamlaka yalivyogawanywa.

Msimamo wangu una doa, na doa hilo limetoka Nebraska kule kule. Desemba 2021 Frost alisikiliza kelele na kumteua Bill Busch awe mratibu wa kikosi cha mikwaju. Tarehe 27 Agosti 2022, mjini Dublin, Nebraska ilikuwa inaongoza Northwestern 28 kwa 17 katika robo ya tatu, ndipo Frost akaamuru mpira wa kuanzia upigwe mfupi ili wajaribu kuudaka wenyewe. Northwestern wakaudaka, wakafunga, na mwishowe wakashinda 31 kwa 28. Frost alikiri kwamba uamuzi ulikuwa wake. Mtaalamu alikuwepo kwenye mstari, na mkubwa wake akaicheza karata peke yake.

Tarehe 11 Septemba Frost alifukuzwa kazi. Wiki moja baadaye kocha wa muda, Mickey Joseph, alimwondoa mratibu wa ulinzi, na aliyekabidhiwa ulinzi alikuwa Bill Busch, yule yule aliyeteuliwa kwa ajili ya mikwaju.